Wasiwasi Usitibiwe kwa Kubahatisha

Mwezi wa Novemba huja na mizigo miwili katika mkoa wa Singida. Mkulima wa alizeti, mtama na uwele hutazama mawingu, kwani mvua za nyanda hizo kavu huja katika msimu mmoja tu wa mwaka, na zikikosekana hakuna msimu wa pili wa kufidia. Katika mwezi huo huo wanafunzi wa kidato cha nne huketi kufanya mtihani wa taifa. Baba hulala akihesabu magunia aliyobakiza ghalani. Mtoto hulala akihesabu mada asizozisoma. Wote wawili hukosa usingizi, na moyo hupiga kwa kasi ingawa hakuna aliyekimbia.

Hofu ya namna hiyo si ugonjwa. Humwamsha mwanafunzi afungue daftari, na humfanya mkulima atengeneze jembe lake mapema. Sababu yake ikiisha, nayo hutulia. Lakini wapo watu ambao hofu yao haitulii. Hukaa nao usiku na mchana, kwa majuma na miezi, hata washindwe kusoma, kula wala kuzungumza na wenzao. Hapo ndipo wataalamu husema kwamba wasiwasi umekuwa maradhi, na maradhi hayo yana tiba.

Kati ya hofu ya kawaida na maradhi ya wasiwasi upo mpaka usioonekana kwa macho. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayouonyesha. Mpaka huo hutambuliwa kwa kuuliza, kusikiliza, kupima mwili na kungoja. Palipo na haraka, mambo hayo manne ndiyo ya kwanza kuachwa, na hapo ndipo makosa huzaliwa. Mwenye wasiwasi huambiwa ana malaria. Mwenye ugonjwa wa tezi au upungufu wa damu huambiwa ana wasiwasi. Aliyefiwa hupewa vidonge vya sonona kabla ya arobaini ya marehemu kupita. Hoja ya makala haya ni kwamba dawa ya akili iliyotolewa kwa utambuzi usio sahihi ni hatari, na kwamba njia za kuizuia hatari hiyo zimo ndani ya uwezo wa zahanati na shule za sekondari za Singida zenyewe.

Mwili ulioshikwa na hofu

Ni vema kwanza kufahamu jinsi hofu inavyofanya kazi mwilini, kwa kuwa makosa mengi ya utambuzi yanatokana na kutojua jambo hili. Ubongo unapohisi hatari, hupeleka amri kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo hutoa adrenalini katika damu. Mapigo ya moyo huongezeka ili misuli ipate damu zaidi. Mboni za macho hupanuka. Damu hupungua tumboni, na ndiyo sababu tumbo huvuruga. Viganja hutoa jasho.

Wakati huo huo mtu hupumua haraka kuliko mahitaji ya mwili wake. Kupumua huko huondoa kaboni dioksaidi nyingi mno, na gesi hiyo inapopungua katika damu, mishipa ya ubongo hujibana na kiasi cha kalisi iliyo huru katika damu hushuka. Matokeo yake ni kizunguzungu, vidole kufa ganzi, midomo kuchonyota, na pengine mikono kukakamaa. Anayeyaona hayo kwa mara ya kwanza huamini kwamba anakufa. Imani hiyo huongeza hofu, hofu huongeza kupumua, na mzunguko hurudi ulikoanzia.

Kutokana na maelezo hayo ni dhahiri kwamba mgonjwa wa wasiwasi hadanganyi anapolalamikia kifua, tumbo au mikono. Maumivu yake ni ya kweli, na yana njia zinazojulikana na sayansi. Kumwambia kwamba anajifanya ni kosa la elimu kabla ya kuwa kosa la adabu.

Wasiwasi unaopewa majina mengine

Ni nadra mtu kufika zahanati akasema, "Nina ugonjwa wa wasiwasi." Husema ana mawazo, moyo unamwenda mbio, kichwa kinawaka moto, au mwili hauna nguvu. Tabibu mwenye foleni ndefu husikia maneno hayo na kuandika jina la ugonjwa anaoufahamu zaidi. Mara nyingi jina hilo huwa malaria. Na malaria isipopona, huwa homa ya matumbo. Na hiyo isipopona, huwa vidonda vya tumbo.

Ukubwa wa tatizo la kubahatisha unaonekana hata katika ugonjwa wenye kipimo. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki ya Tanzania, kuhusu wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Damu yao ilipochunguzwa kwa makini, ilionekana kwamba ni asilimia 46 tu waliokuwa na vimelea vya malaria. Wengine wote walikuwa na ugonjwa mwingine ambao haukutafutwa, kwa sababu jina lilikwisha kutolewa. Tangu wakati huo kipimo cha haraka cha malaria kimeenea na kupunguza kosa hilo. Lakini ikiwa homa yenye vimelea vinavyoonekana kwa darubini ilikosewa kiasi hicho, sembuse maradhi yasiyo na darubini?

Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti mwingine wa Dar es Salaam, uliolinganisha watu waliokwenda kwenye vituo vya afya vya msingi na waliokwenda kwa waganga wa jadi. Wenye sonona, wasiwasi na maradhi ya jamii hiyo walikuwa kama asilimia 24 katika vituo vya afya, na asilimia 48 kwa waganga wa jadi. Tarakimu hizo ni za mji mkubwa wala hazipaswi kuhamishiwa Ikungi au Mkalama kama zilivyo. Hata hivyo zinafundisha mambo mawili. Kwanza, mgonjwa wa namna hiyo hupita mbele ya tabibu kila siku. Pili, asiposikilizwa kwa tabibu, humtafuta atakayemsikiliza.

Shule za sekondari nazo zina historia yao katika jambo hili. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hali hiyo iliwaenea wanafunzi 95 kati ya 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Madaktari Rankin na Philip, walioandika taarifa yake mwaka 1963, hawakuanza kwa kutoa jina. Walitafuta sumu na vimelea vya magonjwa, wakapima damu na maji ya uti wa mgongo. Walipokosa dalili yoyote ya ugonjwa wa mwili ndipo walipohitimisha kwamba chanzo kilikuwa katika hali ya nafsi za wanafunzi wale. Mpaka leo wasichana wanapoanguka kwa pamoja shuleni, watu wengi husema ni mapepo, na wengine husema ni ujanja wa kukwepa masomo. Utaratibu wa Kashasha, yaani kupima kwanza na kuita jina baadaye, ungali bora kuliko kauli zote mbili.

Magonjwa yanayojifanya wasiwasi

Kosa la upande wa pili ni zito zaidi. Yapo magonjwa ya mwili yenye sura ya wasiwasi, na mtu akiambiwa "ni mawazo tu," ugonjwa huendelea chini chini.

La kwanza ni ugonjwa wa tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo. Tezi hiyo ikitoa homoni kupita kiasi, mtu hutetemeka, hutokwa jasho, hukosa usingizi, moyo humwenda mbio, naye hukonda ingawa anakula. Afrika imekwisha kupata funzo katika jambo hili. Mwaka 1995 madaktari walitoa taarifa kutoka Zimbabwe, na mwaka 1996 nyingine ikatoka Kivu, mashariki ya Kongo, kwamba wagonjwa wa namna hiyo walionekana baada ya chumvi yenye madini joto kuwafikia watu waliokuwa wameyakosa kwa miaka mingi. Tezi zilizokuwa zimezoea njaa zilipopata madini mengi kwa ghafula, baadhi yake zilifanya kazi kupita mpaka. Funzo la habari hiyo si kuiacha chumvi hiyo, kwani faida yake kwa akili za watoto ni kubwa mno, na tatizo hilo hupungua kadiri miaka inavyopita. Funzo ni kwamba mtu mzima anayetetemeka na kukonda apapaswe shingo kabla ya kuambiwa kwamba ana hofu.

La pili ni upungufu wa damu. Msichana anayepata hedhi nyingi, mwenye minyoo ya safura, na anayekula ugali na mboga kidogo, huweza kuwa na damu chache kiasi cha kuhema akipanda mlima mdogo tu. Moyo wake hupiga haraka kwa sababu unajaribu kufidia. Kipimo cha wekundu wa damu hufanywa kwa tone moja la kidole.

La tatu ni ugonjwa wa vali za moyo unaofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa utotoni. Yapo pia mambo ya kushuka kwa sukari, pumu, na madhara ya dawa nyingine. Hata dawa ya kufungua kifua cha mwenye pumu huweza kumtetemesha mtu na kumpandishia mapigo ya moyo.

La nne, ambalo ni muhimu mno katika eneo hili, ni kifafa. Watu wengi hudhani kifafa ni kuanguka na kutoa povu tu. Lakini ipo aina inayoanzia upande wa ubongo ulio karibu na sikio, ambako hisia za hofu pia huongozwa. Mgonjwa wa aina hiyo hushikwa na hofu ya ghafula, pengine husikia harufu au ladha isiyokuwapo, hukodoa macho, hutafuna mdomo mtupu, na baada ya dakika moja au mbili hurudi katika hali yake bila kukumbuka lililotokea. Asiyejua huona wasiwasi au mapepo.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyo wilayani Mbulu jirani na Mkalama, imekuwa kwa miaka mingi kituo cha uchunguzi wa kifafa. Uchunguzi uliofanywa huko kwa picha za ubongo ulionyesha kwamba kwa sehemu ya wagonjwa chanzo ni tegu wa nguruwe. Mayai ya mnyoo huyo, yatokayo katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, yakimezwa pamoja na chakula au maji machafu, viluwiluwi vyake huweza kufika ubongoni na kujenga vifuko. Hivyo hofu ya ghafula ya mwanafunzi huweza kuwa na mizizi yake katika ukosefu wa choo na nguruwe wanaozurura. Hakuna kidonge cha sonona kinachoweza kuufikia mzizi huo.

Dawa za sonona na asili yake

Dawa za sonona hazikutokana na mpango uliopangwa kwa makusudi. Mwaka 1952, katika hospitali ya kifua kikuu ya Sea View mjini New York, wagonjwa waliopewa dawa ya kifua kikuu iitwayo iproniazidi walionekana kuchangamka kuliko ilivyotazamiwa. Mwaka 1957 daktari Nathan Kline na wenzake walieleza matumizi yake kwa wenye sonona. Wakati huo huo daktari Roland Kuhn wa Uswisi alikuwa akijaribu imipramini, iliyotazamiwa kutibu ugonjwa mwingine wa akili, akagundua kwamba iliwasaidia wenye huzuni nzito. Ndugu yake, amitriptilini, ilifuata muda mfupi baadaye na ingali ikitumika Tanzania. Fluoksetini iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1987.

Dawa hizi huathiri kemikali zinazopitisha habari kati ya seli za ubongo, hasa serotonini. Hata hivyo si sahihi kusema, kama watu wengi wasemavyo, kwamba sonona ni upungufu wa serotonini kama vile kiu ilivyo upungufu wa maji. Dawa hubadilisha kemikali hiyo katika muda wa saa chache, lakini nafuu huchukua majuma mawili hata manne au zaidi. Sayansi haijamaliza kueleza pengo hilo.

Jambo moja halina ubishi: dawa hizi si kwa sonona peke yake. Fluoksetini na dawa za jamii yake hutumika pia kutibu wasiwasi mkali wa watu wazima, na Shirika la Afya Duniani linazitambua kwa kazi hiyo. Kwa hiyo tatizo analokabili tabibu ni la kumpa nani, lini, na kwa uangalizi gani.

Hatari zinazopaswa kujulikana

Hatari ya kwanza inawahusu vijana. Mwaka 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikusanya matokeo ya majaribio 24, yenye watoto na vijana zaidi ya 4,400. Kati ya waliopewa dawa za sonona, asilimia 4 walipatwa na mawazo au vitendo vya kutaka kujiua. Kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa, asilimia 2. Hakuna aliyekufa katika majaribio hayo. Mamlaka hiyo iliamuru onyo liandikwe kwenye dawa zote za aina hiyo, na mwaka 2007 onyo likapanuliwa hadi umri wa miaka 24. Maana yake ni kwamba kijana anayeanza dawa hizi aangaliwe kwa karibu, hasa katika majuma ya mwanzo. Zahanati inayompa kijana vidonge vya mwezi mzima na kumwambia arudi vikiisha inampa dawa bila nusu ya tiba.

Hatari ya pili ni ya mtu mwenye ugonjwa wa akili wa vipindi viwili, ambaye mara huzama katika huzuni na mara hupanda katika furaha isiyo na breki. Akija wakati wa huzuni, akapewa dawa ya sonona peke yake, anaweza kurushwa upande wa pili: halali, hutumia fedha ovyo, hugombana na kila mtu. Swali moja tu, kama aliwahi kuwa na kipindi cha namna hiyo, humwokoa.

Hatari ya tatu ni ya amitriptilini. Dozi ya kutibu na dozi ya kuua hazitengani sana, kwa kuwa dawa hiyo ikizidi huvuruga umeme wa moyo. Huzidisha usingizi inapochanganywa na pombe, iwe ya dukani au ya kienyeji kama mtukuru. Tena hurahisisha degedege kwa mwenye kifafa. Nayo fluoksetini ikichanganywa na tramadoli, dawa ya maumivu inayotumiwa vibaya na vijana wa mijini, huweza kuleta ziada ya serotonini yenye homa, kutetemeka na kuchanganyikiwa.

Hatari ya nne ni kuacha ghafula. Aliyezoea dawa hizi kwa miezi akiziacha siku moja, kwa sababu zimekwisha zahanati au kwa sababu jirani amemcheka, huweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto mbaya na wasiwasi uliozidi wa mwanzo. Dawa hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya tabibu.

Lipo pia kosa linalofanana na hilo, nalo ni kumpa kila mwenye hofu diazepamu, dawa iliyotoka mwaka 1963. Hutuliza upesi, na upesi huo ndio mtego wake. Baada ya majuma machache mwili huizoea, na mgonjwa hutaka zaidi. Hofu yenyewe huwa haijaguswa.

Binti mmoja na njia mbili

Ili hoja hii isibaki ya jumla, na auchukuliwe mfano wa kubuni, ulioundwa kwa mambo yanayojulikana. Binti wa kidato cha tatu, mwenye umri wa miaka 16, hushikwa na hofu darasani mara mbili kwa juma. Husimama, hukodoa macho, haitikii jina lake, kisha huketi akiwa amechoka. Wenzake husema ana mapepo.

Katika njia ya kwanza, binti hupelekwa zahanati akiwa peke yake. "Unasikia nini?" "Hofu, na moyo kwenda mbio." Hupewa dawa ya malaria. Safari ya pili hupewa viuavijasumu vya homa ya matumbo. Safari ya tatu, tabibu mwenye nia njema huandika wasiwasi na sonona, na kumpa amitriptilini. Baada ya majuma machache binti huanguka kwa degedege kamili, jikoni, kando ya mafiga. Watu wa nyumbani husema mapepo yamekasirishwa na dawa za hospitali. Kovu la moto hubaki mkononi mwake maisha yake yote, na hiyo siyo ajali ngeni kwa wenye kifafa wanaopika kwa kuni.

Katika njia ya pili, mwalimu wa darasa huandika katika daftari lake kwa mwezi mmoja: siku, saa, muda, na alichokiona kwa macho yake. Huandika kwamba mdomo unatafuna ingawa hamna kitu, na kwamba binti hakumbuki. Huenda naye pamoja na mama yake.

"Shikamoo, daktari," binti husema.

"Marahaba, mwanangu. Kabla hofu haijaja, kuna kitu unachokisikia?"

"Nasikia harufu kama ya mpira unaoungua. Nilidhani ni jikoni."

Swali hilo moja na daftari la mwalimu vimefanya kazi ambayo dawa tatu zimeshindwa kuifanya. Binti huandikiwa rufaa, ugonjwa huitwa kwa jina lake, na dawa ya kifafa, ambayo ni ya bei nafuu, huanza. Katika njia zote mbili zahanati ni ile ile na tabibu ni yule yule.

Kinyume cha hoja, na jibu lake

Wapo watakaosema kwamba maonyo haya yatawatisha wagonjwa wanaohitaji dawa kweli, katika nchi ambayo madaktari bingwa wa akili ni wachache na hospitali ya taifa ya maradhi hayo, Mirembe, iko Dodoma, kiasi cha kilomita 240 kutoka mjini Singida. Hofu hiyo ina msingi, na haina budi kujibiwa.

Mtu mwenye sonona nzito, ambaye ameacha kula, kulala na kutumaini, anahitaji tiba, na dawa hizi zimewaokoa wengi. Anayezitumia asizitupe kwa sababu ya kusoma makala. Na akiwa na shaka, aende kwa aliyemwandikia. Mtu anayesema anataka kufa asiachwe peke yake hata saa moja, bali afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumnyima dawa anayeihitaji, na kumpa dawa asiyeihitaji, ni matawi mawili ya kosa moja la kutochunguza. Kadiri mabingwa wanavyokuwa wachache, ndivyo uchunguzi wa zahanati unavyopaswa kuwa makini zaidi, kwa sababu huenda nyuma yake hakuna mwingine wa kusahihisha.

Yanayoweza kufanyika Singida

Kwa upande wa zahanati na vituo vya afya, kila anayelalamikia moyo kwenda mbio au hofu isiyoisha yafaa afanyiwe mambo haya kabla ya kuandikiwa dawa ya akili: kuhesabiwa mapigo ya moyo na kupimwa shinikizo la damu, kupimwa wekundu wa damu, malaria na sukari, kupapaswa shingo, kuulizwa kuhusu kupoteza fahamu, na kuulizwa dawa na vilevi anavyotumia. Kisha aulizwe maisha yake: nani amekufa, karo imelipwa, nani anampiga, nani anamsumbua njiani. Hofu ya msichana anayenyemelewa na mtu mzima ni akili timamu inayoona hatari ya kweli. Tiba yake ni kumwondolea mtu huyo.

Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 kwa ajili ya vituo visivyo na mabingwa, na kurekebishwa mwaka 2016, unaelekeza vivyo hivyo kuhusu vijana wenye sonona: ushauri na msaada wa jamii ndio utangulie. Watoto wadogo wasipewe dawa hizi, na kwa kijana zifikiriwe tu pale ushauri uliposhindwa, tena kwa msaada wa bingwa.

Kwa upande wa shule, mwalimu si tabibu na asitoe jina la ugonjwa. Lakini humwona mwanafunzi kwa saa nyingi kuliko daktari yeyote. Daftari lenye siku, saa na dalili ni chombo cha sayansi sawa na kipimajoto. Mwalimu anaweza pia kumfundisha mwanafunzi kupumua polepole, akitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta, na kumweleza kwa nini vidole hufa ganzi. Mara nyingi hofu hupungua pale mtu anapojua inavyofanya kazi.

Kwa upande wa mwanafunzi, kidonge cha mwenzake kisimezwe, hata kama kilimsaidia mwenzake. Na anayeona hofu imekaa kwake kuliko ilivyo kawaida amwambie mtu mzima anayemwamini, kwa maneno yale yale anayoyasikia mwilini, bila kuyapunguza kwa aibu.

Mtihani utakuja kila Novemba, na mvua zitachelewa miaka mingine. Hofu itaendelea kuwapo Iramba, Manyoni na kwingineko, kwa kuwa ni sehemu ya kuwa mtu. Kinachoweza kubadilika ni mapokezi yake. Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka. Katika chumba cha tabibu, dakika kumi za kuuliza na tone moja la damu ni nafuu kuliko dawa ya mwezi mzima iliyompata mgonjwa asiyekuwa wake.